Visogo vya Ijumaa

Jumamosi, 8 Juni

Mwanangu Chiriku,

Hali yako siulizi. Nikiuliza utanijibu kurasa nzima kama kawaida yako, na macho yangu siku hizi yanasoma kwa kusukumwa. Mimi nasimama, nakaa, nakohoa na kusengenya watu, kwa hiyo ni mzima. Kioo cha dukani kimeongeza ufa, na wateja wanalalamika eti nimewaongezea makunyanzi. Kioo hakisemi uongo, nawaambia, kinatangulia tu.

Nakuandikia kwa sababu jana, Ijumaa, maandamano yamepita tena mtaani kwetu.

Ya mwezi uliopita unayakumbuka. Kiwanda cha ngozi kule juu kiliachia uchafu wake mtoni, maji ya bomba yakanuka kama kiatu cha askari, watoto wakaanza kupukutika nywele. Mimi nikasema kiwanda kinaniharibia biashara, kinanyoa bure. Watu wakacheka, ila Mama Vifungo, yule fundi cherehani wa ghorofani mkabala nami, hakucheka. Mjukuu wake alikuwa amebaki na nywele upande mmoja. Basi tukakutana mtaa mzima, tukaapa tutaandamana wote hadi ofisi za halmashauri, ng'ambo ya daraja. Mwenyekiti wa mtaa akaahidi rangi ya kuandikia mabango.

Kuahidi ni mdomo, kutenda ni miguu. Siku yenyewe Mwenyekiti aliamka na kiuno. Mama Vifungo alikuwa na gauni la harusi ya watu. Muuza Mkaa alikuwa anangoja lori. Na mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimenyolewa nusu bado. Utamwacha mtu hivyo? Wakaenda vijana wachache, wakatimuliwa darajani kwa moshi na virungu, yakaisha.

Sasa jana alasiri, jua bado kali, wakaja wengine. Hawa si wachache. Wamejaa barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Hawaimbi, hawapigi makofi, hata ndala hazisikiki. Mabango wameyainua juu, meupe, hayana herufi hata moja.

Nimesimama mlangoni, nao wanatokea upande wa bombani, wananijia. Mtu akikujia unaona nini? Uso. Mimi niliona visogo. Wakafika mbele yangu, visogo. Wakapita wakaenda zao, visogo. Nikasema haya macho ya kizee nayo yameanza utani. Nikamwita Mama Vifungo aliyekuwa dirishani kwake.

"We mama, hao kina nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe uko chini hapo, si umewaona nyuso?"

"Mimi nimeona migongo."

"Hata mimi," akasema. Na yeye, mwanangu, yuko upande wa pili wa barabara.

Mwenyekiti ametangaza kuwa ni wageni, watu wa mitaa mingine waliotumwa kutuchafulia jina. Kila mtu amekubali, tena haraka mno. Macho hayana pazia, wanasema, ila mtaa wetu una mapazia mengi.

Kaka yako hajambo. Ana kazi nyingi, ndiyo maana haandiki.

Baba yako,
Kinyozi asiye na mpinzani (yule mwingine alihama)


Jumatano, 12 Juni

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma kazini, chumba cha kufulia, nimekaa juu ya furushi la mashuka ya wodini. Nilicheka hadi msimamizi akaja kuangalia kama mashine imeharibika. Nilipofika nyumbani nikaisoma tena, na mara hii sikucheka.

Watu wanakuja kwako huku wamekupa visogo, nawe unanihadithia makunyanzi ya wateja! Baba, wewe ukitaka kulia unaanza kwa kutania. Nakujua.

Unasema kaka hajambo. Anakula wapi? Nani anamfulia? Kazi gani hizo nyingi? Nauliza tu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu akijibu kabla hajaulizwa, kuna jambo.

Hapa kwangu kumetulia. Nimenunua sufuria kubwa kidogo, ile ndogo haitoshi siku hizi.

Ijumaa usikae mlangoni. Na kama utakaa, maana ukiambiwa usichungulie ndipo unapotafuta kigoda, basi acha kuhangaika na nyuso. Tangu lini wewe unamjua mtu kwa uso? Nilipokuwa mdogo mtu alikuwa akipita nje, wewe unamwona kwa nyuma tu, unamsalimia hadi na habari za mguu wake unaouma. Watazame hivyo. Kisha uniambie ni wageni kutoka wapi.

Mwanao,
Chiriku


Jumapili, 16 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Umenipa wazo baya sana, nami nimelitumia.

Ijumaa nilitoa kigoda nje. Mama Vifungo akateremka akakaa nami, pini mdomoni, anakunja pindo la suruali ya mtu. Muuza Mkaa akaegemea nguzo. Mwenyekiti akasimama nyuma yetu sote, pale ambapo jiwe likija litampata mwingine kwanza.

Wakaja, vilevile, bila sauti. Nikaacha kutazama watu, nikatazama kazi.

Kisogo cha kwanza nilichokijua kina mikunjo miwili ya nyama na kovu chini ya sikio. Muuza Mkaa. Nikageuka: Muuza Mkaa huyo hapo kwenye nguzo, anatafuna kijiti. Nikarudisha macho barabarani: Muuza Mkaa huyo anapita, bango jeupe mkononi. Akafuata mwenye upara uliozungukwa na nywele chache zinazolindwa kama benki. Nani mwingine? Mwenyekiti. Kisha shingo nyembamba, nywele fupi, alama ya kuzaliwa kama mbegu ya papai. Hiyo shingo nimeipunguza nywele tangu mwenyewe aseme kusuka ni kupoteza wakati. Mama Vifungo. Na Mama Vifungo huyohuyo yuko kando yangu, bega kwa bega, anajitazama akipita, anasema kwa zile pini mdomoni:

"Na huyu mwanamke naye! Hana kazi kwake?"

Ni nani anayekijua kisogo chake, Chiriku? Mtu anaishi nacho hadi anazikwa nacho, hawajawahi kukutana. Mtaa mzima umetoka kujitazama ukipita, na kila mmoja anasema hao ni wageni. Na mimi ndiye pekee ninayewajua wote, isipokuwa mmoja. Yule wa mbele kabisa. Mzee mfupi, shingo ya kobe, na kanyolewa vibaya ajabu! Upande wa kushoto kaachiwa mstari kama njia ya mbuzi. Kinyozi aliyemfanyia vile afungwe.

Sasa lile ulilolinusa. Kaka yako hayupo.

Alikwenda na wale vijana wachache, na tangu walipotimuliwa darajani hajarudi. Nimekwenda kituo cha polisi. Nimekwenda hospitali. Nimekwenda na kule wanakopelekwa wasiohitaji tena hospitali, nikafunuliwa shuka moja moja. Hayupo. Nilikuficha kwa kuwa uko mbali, na machozi ya mbali hayana wa kuyafuta.

Ijumaa nimemwona. Yuko katikati yao. Zile nywele zake zinazozunguka mahali pawili, kama maji yanayozama katika mashimo mawili, zilizonisumbua tangu akiwa wa kubebwa. Nikamwita. Nikamwita lile jina la nyumbani analolionea haya. Hakugeuka.

Wale wengine ni wazima, nimekaa nao, wamenimalizia sukari. Yeye sijui. Ijumaa ijayo nitatoka barabarani nimpite, nimwone uso, nijue moja.

Baba yako


Jumanne, 18 Juni

Baba,

Barua hii haiji kwa posta. Inakuja kwa mkono wa dereva wa lori la unga. Mpe chai, ni mtu mwema.

Kaka yuko hapa. Yuko kwangu tangu siku ileile. Alifika amelala chini ya magunia, amechubuka goti tu. Alinikataza kuandika. Alisema barua za mtaani zinafunguliwa, wanatafutwa waliotoroka. Nikakubali, nami nikakuacha uzunguke kufunuliwa mashuka. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa sakafuni. Nisamehe, Baba. Wewe ulinificha yeye, nami nilikuficha yeye. Tumefichana mtu mmoja.

Lakini usianze kucheza ngoma. Kila Ijumaa alasiri kaka anageukia ukuta.

Anakaa ukingoni mwa kitanda, ananipa mgongo, basi. Nikiita haitiki. Nikitaka kuzunguka nimwone uso, kitanda kimebanwa na ukuta, hakuna pa kuzungukia. Mara ya kwanza alikaa hadi chai ikapoa. Ijumaa iliyopita amekaa hadi Jumamosi jua limepanda, mikono yake baridi kama shuka lililolowa. Aliporudi sauti ilikuwa ya mtu aliyetembea sana. "Wamekaribia darajani," akasema. Nikamuuliza kina nani. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Mtaa."

Ndipo akanieleza. Siku ile ya kwanza, alipofika darajani aligeuka nyuma awaone mnavyokuja. Barabara ilikuwa tupu hadi bombani. Akajiambia, nitawangoja. Na ndilo neno analosema sasa hata usingizini: nawangoja. Baba, siku watakapofika darajani sidhani kama atarudi kwenye ukuta wangu. Na nadhani ni Ijumaa hii.

Nilimsomea ulivyoandika. Pale kwenye mzee mfupi mwenye njia ya mbuzi alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu aje.

"Huyo ni Baba," akasema. "Nilimnyoa mimi, siku moja kabla ya maandamano. Mashine ikanikimbia. Nikampangusa poda nikanyamaza, ningesema nini?"

Wewe ndiye unayewaongoza, Baba. Tafuta namna uwasimamishe kabla ya daraja. Tafadhali.

Chiriku


Ijumaa, 21 Juni, asubuhi

Chiriku,

Dereva wako anamaliza birika. Nisipoandika upesi atahamia kwenye spiriti ya kusafishia nyembe.

Mzima! Mzima, anakula kwenye sufuria kubwa, na mimi naomboleza miguu ya maiti za watu kidole kwa kidole! Nikiwakamata wawili nyie, mtajua kwa nini babu yenu alikuwa haachi fimbo. Ngoja. Nimekaa kidogo. Haya, nimesimama tena.

Maisha yangu yote nawashikia watu kioo cha mkono nyuma ya kichwa: "Umeona, bwana? Umeridhika?" Mwenyewe sijawahi kujigeuzia. Wa nini? Leo nimejigeuzia, mgongo kwenye kioo kikubwa, kidogo mkononi, napapasa kama mwizi. Njia ya mbuzi ipo. Nywele zimeota kando, ila njia ipo. Mwambie yule kinyozi wa kubahatisha kuwa nimemkamata.

Sikufurahia nilichokiona, mwanangu. Shingo ile inatembea kuliko mimi. Jua limeichoma, na mimi nashinda kivulini.

Unasema niwasimamishe. Kwa kuita haiwezekani, nimeshaita. Lakini nina jambo moja kutoka kazini kwangu. Mtu akishaketi kwenye kiti changu, shuka likafungwa shingoni, haondoki mpaka nimwachie. Awe mlevi, awe afisa, awe anafukuzwa na mke wake. Nani anatoka nje na nusu kichwa? Kwa hiyo natoa kiti barabarani.

Usimwambie kaka yako. Mlaze tu karibu na wewe, umshike shati.

Baba yako


Jumamosi, 22 Juni

Mwanangu Chiriku,

Ni mimi Mama Vifungo. Mimi si mwandishi, mimi ni mtu wa sindano, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja. Baba yako yuko hai, kalala, tumemfunika. Sasa sikiliza.

Jana alasiri nilimwona kutoka dirishani anaburuta kile kiti chake kikubwa cha chuma hadi katikati ya barabara. Kajifunga shuka jeupe kiunoni, kioo kidogo mfukoni. Nikapiga kelele: "Mzee Wembe, lori litakugonga!" Akajibu: "Likinigonga unishonee sanda ya mistari, nyeupe hainipendezi." Hivyo ndivyo alivyo, sina haja ya kukueleza.

Wakaja. Nimeshawaona mara nyingine, lakini jana nywele zilinisimama, maana walikuja kwa haraka, kama watu waliokwisha kuona mwisho wa safari. Mbele kabisa alikuwa mzee mfupi. Baba yako akamtazama anavyokuja, akasogea akampisha. Yule akapita. Ndipo baba yako akakung'uta shuka, akaita kwa sauti ile ya dukani:

"Anayefuata!"

Na anayefuata akaketi.

Mwanangu, mimi niko dirishani upande huu, Mwenyekiti yuko mlangoni kwake upande ule, na sote tuliona mgongo wa aliyeketi. Baba yako akamfunga shuka, akaanza. Mashine haina umeme wala betri, na mlio wake nikausikia. Mara Muuza Mkaa, pale kwenye nguzo, akaruka: "Nani ananishika?" Hapakuwa na mtu nyuma yake. Akapeleka mkono shingoni, ukarudi na nywele.

"Anayefuata!"

Mwenyekiti akalia kama mtoto.

"Anayefuata!"

Hapo nikahisi chuma baridi hapa nyuma, chini ya ile alama yangu. Na pumzi ya baba yako, ile ya tumbaku, sikioni. Nikataka kupiga ukunga, nina pini mdomoni. Nilipozitema nilikuwa nimesimama barabarani. Ngazi za nyumbani kwangu sikuzikanyaga, naapa. Nimevaa kanga ya ndani, kidoleni nina kile kikofia cha kushonea, na mtaa mzima uko hapo, wote wamenyolewa visogo, tunatazamana nyuso. Hatukuwa tumetazamana hivyo tangu siku ile tuliyoapa. Mwenyekiti alikuwa anakung'uta kola yake, anakung'uta tu.

Kitini alibaki mmoja. Huyo alimnyoa polepole kuliko sisi sote. Alipomaliza alimshika kichwa kwa mikono miwili, akainama akamnong'oneza. Kisha akafungua shuka, na chini ya shuka hapakuwa na mtu. Nywele zilikuwepo.

Nilitazama waliosimama pale, mmoja mmoja. Hakuna ambaye hiyo zamu ilikuwa yake. Kilikuwa kichwa cha nani, mwanangu?

Nikamuuliza na kuhusu yule wa mbele, aliyempisha. Mbona hukumketisha? Akanitazama, mara ya kwanza namwona baba yako hana utani usoni. "Kinyozi hajinyoi, mama," akasema, akalala palepale kitini.

Tumekubaliana. Tarehe tano Julai, Ijumaa, tunakwenda halmashauri, na safari hii kwa miguu yetu. Rangi nimeinunua mimi. Mwenyekiti kiuno chake kimepona.

Mimi,
Mama Vifungo


Jumamosi, 22 Juni

Shikamoo Baba,

Sijui uko hali gani tangu jana, sijui kama upo wa kusoma. Naandika tu, dereva wa unga ataileta.

Jana alasiri kaka aligeukia ukuta mapema. Dereva alikuwa amewahi na barua yako, nikamshika shati kama ulivyoniambia. Alianza kupumua kama mtu anayepanda mlima, na mwili wake, Baba, ulikuwa unakuwa mwepesi mkononi. Sina neno lingine. Kama nguo unapoitoa majini, maji yanavyochuruzika. Nilikuwa naliita jina lake na lako na la marehemu mama, yote pamoja.

Kisha akatulia. Akanyoosha shingo, wima. Nikaona nywele zake zikianguka. Hapakuwa na mkono, hapakuwa na chochote. Zikaanguka mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, zikajaa kwenye shuka, na chumba changu kikanuka spiriti na ile poda yako ya kopo la bluu.

Akageuka. Mwenyewe, kwa uso wake. Akapapasa kisogo.

"Mzee kaniambia nikae wima," akasema. "Eti napinda shingo kama mama."

Akalia, nami nikalia, jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo anakula, anauliza tarehe. Lakini leo asubuhi kanishika mkono. "Wote waliketi?" Nikasema sijui. "Baba naye? Nani alimnyoa Baba?"

Baba, nani alikunyoa?

Anasema ile njia ya mbuzi ni kazi yake na atakuja kuimaliza mwenyewe. Nimemwambia bado anatafutwa. Anasema afadhali wamkute na mashine mkononi kuliko ukutani. Tuambie tuje lini.

Chiriku


Jumapili, 30 Juni

Wanangu wawili,

Barua zenu zote nimezipata na ile aliyokuandikieni Mama Vifungo nilisomewa na mwenyewe kabla hajaituma, kwa majivuno, kana kwamba ndiye aliyeshika mashine.

Mtaa umebadilika. Mwenyekiti anaandika mabango tangu asubuhi, kakosea neno "maji" kwenye matatu, lakini anaandika. Mjukuu wa Mama Vifungo kavishwa kofia mpya, ataandamana mabegani kwa Muuza Mkaa. Wateja wananijia wengi, na kila mmoja anaomba kioo cha mkono, anajitazama kisogo kwa muda mrefu. Wengine wanashukuru. Mmoja alisema samahani, sikujua anaiambia shingo yake au mimi.

Juzi Ijumaa barabara ilikuwa tupu. Ndivyo nilivyotaka kuwaandikia, na ningeandika hivyo kama Mama Vifungo asingekuwa na mdomo. Mimi nakumbuka hivi: nilikaa mlangoni na kikombe cha chai, nikapiga funda moja. Nilipopiga la pili ilikuwa asubuhi. Chai ina sisimizi. Mama Vifungo kapiga magoti mbele yangu, kanishika mashavu, macho mekundu. Anasema ameniita kutoka dirishani tangu jana yake, ameniita majina yote hadi matusi. Anasema mtaa mzima ulimwona mzee mfupi akipita peke yake, bango jeupe begani, kuelekea darajani. Hakuwa na haraka. Anasema alipofika mahali fulani alisimama akageuza kidogo shingo, kama anayesikiliza kama kuna wanaomfuata.

Nyayo zangu zina vumbi la huko, Chiriku. Nimeziosha mara mbili.

Siogopi sana. Nimewatumikia watu kwa nyuma maisha yangu yote, najua kisogo cha kila mtu na madhambi yake. Ninaloogopa ni dogo: kwamba yule atafika darajani kabla ya Ijumaa ya tarehe tano, aone hakuna mtu, aseme atawangoja. Kaka yako anajua maana yake.

Basi njooni. Nilitaka kusema msije, kuna askari, kuna hatari, na mengine ambayo baba mwema husema. Njooni Alhamisi, na lori la unga. Mtateremka nyuma ya bomba, hakuna anayekagua hapo. Kaka yako aje na mashine yake, na safari hii aitie mafuta.

Siku hizi nakaa mlangoni muda mwingi. Mkinikuta nimewapa mgongo, mkaita nisigeuke, msiite mara ya pili. Mlango wa duka langu una pande mbili, si kama kitanda chako, Chiriku. Zungukeni mje mbele yangu.

Baba yenu